Mwalimu Aliyetunyima Televisheni

Wanachuo wenzangu, naanza kwa kuungama. Nikiwa mwaka wa pili, kwenye somo la elimu ya watu wazima, niliandika kazi ya semina nikadai kwamba Mwalimu Julius Nyerere alituchelewesha kwa kutunyima televisheni. Hoja yangu ilikuwa nyepesi na tamu. Kenya walikuwa na televisheni tangu 1962 na Uganda tangu 1963. Zanzibar waliwasha televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Sisi wa Bara tukasubiri hadi 1994. Nikaandika kwamba wazee wetu wangefundishwa kilimo, afya na hesabu kwa picha, lakini wakaachiwa redio za mbao na betri. Semina nzima ilinipigia makofi na alama nilipata. Likizo ndefu ilipofika nikapanda basi kwenda nyumbani Nshamba, wilayani Muleba, na huko ndiko nilikofundishwa upya.

Nyumbani kwetu kibanja kimezunguka nyumba: migomba, katikati yake mibuni, chini yake maharage. Mwaka ule baba mdogo alikuwa ameuza kahawa vizuri, akanunua televisheni bapa na king'amuzi, akaviweka sebuleni kwa Bibi kwa sababu ndiyo sebule kubwa. Jioni majirani walijaa mpaka mlangoni. Mpira ukiwepo, wanaume. Tamthilia ikianza, kina mama na sisi sote. Nikajisemea moyoni, hii ndiyo ile elimu niliyoiandikia semina, imefika kijijini, imechelewa tu miaka 20 na ushee.

Jumamosi moja kikaja kipindi cha kilimo, na siku hiyo kilihusu mnyauko wa migomba. Kwa asiyetoka kwetu nieleze kidogo. Mnyauko ni ugonjwa wa bakteria ulioingia Kagera mwaka 2006, na Muleba tulikuwa miongoni mwa wa kwanza kuupata. Majani yanageuka njano na kunyauka, ndizi zinaiva kabla hazijakomaa, ukizipasua ndani zimeoza. Ukikata shina linatoa usaha wa njano. Mgomba ukishaugua hauponi. Kwa Mhaya, kibanja kikifa siyo chakula tu kimekufa, ni urithi.

Kipindi kilieleza vizuri sana, na picha zilikuwa safi. Wadudu hubeba ugonjwa kutoka kwenye lile ua jekundu linaloning'inia mwisho wa mkungu, kwa hiyo ua livunjwe mapema, tena kwa mti wenye panda, lisikatwe kwa panga. Panga hubeba bakteria kutoka mgomba hadi mgomba, kwa hiyo lipitishwe kwenye moto au lioshwe kwa dawa ya madoa kabla ya kuhamia shina jingine. Mgomba mgonjwa ung'olewe. Sebule nzima ilitikisa vichwa. Wengine walisema kumbe. Kisha tamthilia ikaanza, na kesho yake asubuhi nikamwona jirani yetu, mtu mzima aliyekuwa amekaa mstari wa mbele kabisa, anapunguza majani kwake kwa panga, halafu anampa mwenzake wa upande wa pili panga lile lile, bila moto, bila dawa. Kabla likizo haijaisha, mashina ya pembeni mwa kibanja cha yule wa pili yalikuwa yamenyauka. Siwezi kuapa kwamba ni kwa panga lile. Ila Bibi yangu alilitazama tukio hilo toka kibarazani, akaniuliza swali moja: jana, baada ya kile kipindi, nani alisimama akauliza tumeelewa nini?

Nilikosa jibu. Swali lile ndilo lililonirudisha kwenye maisha ya mtu niliyekuwa nimemhukumu kwa kurasa nane.

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922. Baba yake alikuwa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, mama yake Mgaya, mmoja wa wake wengi wa chifu. Mtoto wa chifu, lakini msije mkafikiri alikulia kwenye vitabu. Alichunga mifugo na kulima kama watoto wengine, na hakuingia darasani mpaka alipokuwa na miaka 12. Mwaka 1934 ndipo alipopelekwa shule ya Mwisenge, Musoma, mwendo wa kilomita kama 40 kutoka kwao. Nalitaja hili kwa makusudi. Kabla ya kuwa mtu wa shahada, Mwalimu alijua kwa miaka 12 nzima maisha ya mtu asiyejua kusoma yakoje, na alijua pia kwamba mtu huyo siyo mjinga.

Toka Mwisenge alikwenda shule ya serikali Tabora mwaka 1937, akaenda Makerere mwaka 1943 kusomea ualimu. Huko Makerere aliandika insha kuhusu uhuru wa wanawake, akitumia mawazo ya Mwingereza John Stuart Mill kuyatazama maisha ya mama zake wa Kizanaki. Alipohitimu mwaka 1945 akarudi Tabora kufundisha shule ya Mtakatifu Maria. Kuna jambo dogo la miaka ile ambalo vitabu vingi hulipita haraka. Muda wake wa ziada aliutumia kuwafundisha Kiingereza watu wazima wa pale mjini, bila malipo. Kabla ya chama, kabla ya ikulu, kabla ya mpango wowote wa taifa, alikuwa tayari mwalimu wa watu wazima wa jioni. Nasi tunaosoma shahada ya fani hiyo, wangapi tumewahi kumfundisha hata mzee mmoja?

Mwaka 1949 alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland, akarudi 1952 na shahada ya M.A. Akafundisha Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ikazaliwa, yeye akiwa rais wake, na mwaka uliofuata ikambidi achague kati ya chaki na siasa. Aliacha kazi ya ualimu, jina la Mwalimu likabaki.

Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Januari 1962, wiki chache tu baadaye, aliacha uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda kuzunguka nchi kuzungumza na wanachama vijijini. Viongozi wengi wa Afrika wakati ule walikuwa wanapima mapazia ya ikulu. Mwaka huo wa uhuru Chuo cha Kivukoni nacho kilikuwa kimefunguliwa Dar es Salaam kwa ajili ya watu wazima ambao shule iliwapita. Nchi yenyewe ilikuwa na hali ngumu. Watu wazima wengi, kama robo tatu, hawakujua kusoma wala kuandika. Wahandisi na madaktari Waafrika walihesabika kwa vidole.

Mwaka 1964, akizindua mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano, Mwalimu alieleza hesabu ambayo naiona mpaka leo ni ya akili sana. Ukimpeleka mtoto shule leo, matunda yake kwenye uchumi utayaona baada ya miaka mingi. Mtu mzima anayelima leo, anayelea leo, anayepiga kura leo, akijifunza jambo leo kesho anaweza kulitumia. Kwa hiyo watu wazima lazima waanze. Na hakusema hivyo kwa kuwadharau watoto, alikuwa anahesabu muda.

Kisha ikaja Oktoba 1966, na hapa ndugu zangu wa serikali ya wanafunzi tusijifanye hatuijui. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu aliwasikiliza, akakasirika, akawarudisha nyumbani kama wanafunzi 400. Akapunguza mishahara ya viongozi, akianzia na wake. Wengi wa wanafunzi wale walirudishwa chuoni baadaye. Mnaweza kusema alitumia nguvu kwa vijana waliotoa maoni yao, na mimi nakubaliana nanyi kwa sehemu. Lakini tutazame kilichomuuma. Mkulima wa Nshamba, kwa kodi na kahawa yake, alikuwa anamsomesha kijana, na kijana yule alikuwa anaona miezi michache ya kuishi kama mkulima ni adhabu. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha, na Machi mwaka huo huo kikatoka kijitabu chake cha Elimu ya Kujitegemea.

Sasa tufike kwenye kiini. Usiku wa kuamkia mwaka 1970, Mwalimu alilihutubia taifa kwa redio akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Hotuba hiyo ukiisoma leo utashangaa jinsi ilivyo ya chini kabisa, ya udongoni. Aliweka malengo matatu: watu waamini kwamba hali yao inaweza kubadilika, wajifunze namna ya kuibadilisha, na waelewe siasa ya nchi yao. Akazungumzia chakula bora, mbegu, vyoo, ufugaji. Ndiyo mtu yule yule ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa ametoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, Mabepari wa Venisi. Shakespeare na vyoo, vyote kwake vilikuwa kazi ya mwalimu.

Mwishoni mwa mwaka huo wilaya sita zilichaguliwa zifute ujinga kwanza: Mafia, Ukerewe, Masasi, Pare, Kilimanjaro na Dar es Salaam. Mwaka 1971 TANU ikaamua kwamba nchi nzima ifute ujinga kabla ya mwisho wa 1975. Kwetu Kanda ya Ziwa tulikuwa na faida kidogo. Tangu 1968 mradi wa majaribio uliosaidiwa na UNESCO ulikuwa ukifanya kazi kutoka Mwanza, na mkoa wetu, wakati huo ukiitwa Ziwa Magharibi, ulikuwa ndani yake pamoja na Mara na Shinyanga. Mbinu ilikuwa kumfundisha mtu kusoma kwa kutumia kazi yake mwenyewe. Mkulima wa pamba alisoma kitabu cha pamba, mvuvi cha uvuvi, na wa kwetu cha migomba. Kuanzia 1974 kukawa na gazeti la vijijini la kanda yetu, Elimu Haina Mwisho, ili aliyejifunza kusoma asikose cha kusoma.

Bibi yangu alikuwa mama kijana wa watoto wawili alipojiunga na darasa la kisomo chini ya mti. Anasimulia kwamba wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume, walikuja na watoto mgongoni, na mwalimu wao alikuwa mtu wa kijiji aliyemaliza darasa la saba tu. Agosti 1975 ulifanyika mtihani wa taifa. Watu waliokuwa wamejiandikisha nchi nzima walizidi milioni 5. Wasiojua kusoma, ambao mwaka 1967 walikuwa kama asilimia 67 ya watu wazima, mwaka huo wakahesabiwa kuwa asilimia 39. Kufikia 1977 wakawa asilimia 27, na kufikia 1986 kama asilimia 10. Bibi alifika hatua ya nne, ile ya juu. Hadi leo anasoma risiti ya chama cha ushirika mwenyewe, na anajua kilo zake.

Je, televisheni ilikuwa wapi wakati huo? Haikuwepo, na haikuwa kwa bahati mbaya. Serikali ya Mwalimu iliiona kuwa anasa. Umeme ulikuwa mijini, seti zilikuwa ghali, wataalamu wa kutengeneza vipindi hawakuwepo. Kuileta ingekuwa kuchukua fedha ya mkulima na kumnunulia mtu wa Oysterbay burudani. Redio ya betri ilifika hata Nshamba. Hapo ndipo semina yangu iliishia, nikasema ni uchumi tu. Sikuuliza redio ile aliifanyia nini.

Chukueni mfano wa kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Ilichukua wiki 12. Kila wiki Radio Tanzania ilitoa kipindi, lakini kipindi hakikuachwa kielee hewani. Vikundi vya kusikiliza viliundwa nchi nzima, watu kama milioni 2 walishiriki. Viongozi wa vikundi kama 75,000 walipewa mafunzo kabla. Kila kikundi kilikuwa na kitabu. Siku ya mkutano mlisikiliza kipindi, kiongozi akasoma sura ya wiki hiyo kwa sauti ili hata asiyejua kusoma apate, halafu redio ikazimwa. Mkajadili: malaria hapa kwetu inatoka wapi, minyoo inatoka wapi, nani hana choo. Mwisho mkakubaliana kazi ya wiki, na wiki iliyofuata mkakaguana. Kufyeka, kufukia madimbwi, kuchimba vyoo. Vyoo vilichimbwa maelfu kwa maelfu. Kulikuwa na nyimbo, kulikuwa na kanga za kampeni. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai kwa mtindo huo huo.

Bibi alikuwa katika kikundi cha 1973. Anasema sehemu iliyowafundisha haikuwa ile redio inasema. Ilikuwa ni pale redio ilipozimwa, kwa sababu ndipo kila mtu alipolazimika kusema la kwake mbele ya wenzake.

Nikaenda kutafuta wenzetu waliotumia televisheni miaka ile ile. Uingereza walifungua Chuo Kikuu Huria, wanafunzi wa kwanza wakaanza 1971, vipindi vikirushwa na BBC. Waziri aliyekipigania, Jennie Lee, binti wa mchimba makaa, alisoma Edinburgh kama Mwalimu, miaka mingi kabla yake. Kila mtu hukumbuka televisheni ya chuo hicho, lakini kilikuwa pia na vitabu vya posta, wakufunzi wa kila eneo na mikutano ya ana kwa ana. Ivory Coast walianza mwaka 1971 mpango mkubwa wa kufundisha kwa televisheni, wakaweka na vipindi vya watu wazima vijijini. Gharama ziliwazidi, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakauacha. India mwaka 1975 hadi 1976 walitumia setilaiti ya Marekani kupeleka vipindi vya kilimo na afya kwenye vijiji kama 2,400, watu wakikusanyika mbele ya seti moja ya kijiji. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyefundisha kwa sanduku peke yake. Popote lilipofundisha, palikuwa na kikundi, na mtu wa kukiongoza.

Nisije nikageuka mpiga debe. Mwalimu alikosea mahali. Miaka hiyo hiyo ya kisomo ndiyo miaka ya kuhamishia watu vijijini, na wengi walihamishwa kwa nguvu. Kisomo chenyewe mahali pengine kilisukumwa kwa amri, na amri haimfanyi mtu apende kitabu. Tena mfumo wote uliegemea serikali. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, mafuta kupanda na uchumi kuanguka, posho za walimu wa kisomo zilikatika, magazeti ya vijijini yakakosa karatasi, madarasa yakafa kimya kimya. Sensa ya 2002 ilipofanyika, karibu watu wazima watatu katika kila kumi hawakujua kusoma. Asilimia 10 ya mwaka 1986 ilikuwa imetuponyoka.

Na kwenye televisheni kwenyewe, kuna deni. Kwa kuwa tuliikataa kwa muda mrefu, hatukujifunza kuitengenezea elimu. Iliporuhusiwa na vituo binafsi vikaanza mwaka 1994, ilikuja kibiashara, na mwalimu wa watu wazima hakutengewa kiti. Ya taifa ilianza mwaka 2000. Mwalimu alikuwa ameng'atuka tangu 1985. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama. Waliokuwa na televisheni waliangalia safari yake ya mwisho kwa picha, nchi ambayo yeye mwenyewe aliiambia isubiri. Nshamba, anasema Bibi, wengi walifuatilia kwa redio, wamekaa pamoja.

Leo hali imebadilika. Seti ni rahisi, sola ipo, umeme umefika vijiji vingi. Vipo vipindi vizuri vya watu wetu. Shamba Shape Up kutoka Kenya imewapeleka wataalamu mpaka kwenye mashamba ya wakulima wadogo, na Ubongo Kids ya Dar es Salaam inawafundisha watoto hesabu kwa katuni. Sababu ya Mwalimu ya kuikataa televisheni imekwisha. Lile aliloliweka mbele ya redio ndilo ambalo bado hatujaliweka mbele ya televisheni: benchi, kitabu, kiongozi, na swali baada ya kipindi.

Bibi hakusubiri semina. Wiki iliyofuata alituma watoto wawaite majirani, wakaja kumi na wawili. Kipindi cha kilimo kilipoanza akanipa daftari niandike kwa Kiswahili na nieleze kwa Kihaya. Kipindi kilipoisha akachukua rimoti, akazima. Sebule ikanuna, tamthilia ilikuwa inaanza. Akawaambia itarudiwa kesho, mgomba haurudiwi. Akamtaka kila mmoja aeleze kwake kukoje. Ndipo tulipogundua kwamba nusu ya waliotazama wiki iliyopita walielewa ua livunjwe, lakini walidhani ni kwa mgomba mgonjwa tu. Wengine walidhani kupitisha panga kwenye moto ni ushirikina. Yule jirani wa mstari wa mbele alikiri kwamba hakuiona ile sehemu ya panga kabisa, alikuwa ametoka kupokea simu. Mambo haya yote hakuna televisheni ambayo ingeyajua.

Asubuhi tukaenda kibanja kwa kibanja. Tulikata mti wenye panda, tukavunja maua, tukawasha moto wa kupitishia mapanga, tukang'oa mashina ya yule jirani wa pili huku mwenyewe akiwa amesimama kimya. Alipoteza karibu robo ya kibanja. Kilichobaki, mpaka naandika hapa, bado kimesimama.

Nilipokuwa naondoka Bibi aliniuliza wale wenzangu wote wanaosomea elimu ya watu wazima wakimaliza wanaenda wapi. Nilimwambia ukweli, kwamba wengi wetu tunatafuta ofisi mjini. Hakunilaumu. Alisema tu kwamba mwalimu wake wa kisomo alikuwa darasa la saba, na kwamba yeye sasa ana miaka zaidi ya 70, macho yanaanza kukataa maandishi madogo, na kikundi kinakutana kila Jumamosi.

Ndiyo maana naandika hapa na si kwenye kazi nyingine ya semina. Chuoni tuko maelfu, na kila mmoja ana kwao. Huko kwao kuna televisheni sasa, na mbele yake kuna watu wamekaa. Likizo ijayo bumu likishaisha na hakuna pa kwenda, kaa nao. Tazama mpira nao, tamthilia nayo. Kikija kipindi kinachowahusu, kikiisha zima seti, uliza swali moja. Watanuna kidogo.

Ile kazi yangu ya semina bado ninayo. Nimemwomba mhadhiri aniruhusu niiandike upya, alama zibaki zile zile. Kichwa cha habari sijakibadilisha, ila nimeongeza alama ya kuuliza mwishoni.